Koki Kuu

Gunia la ukutani lilikuwa limelowa kitakoni
kama mtoto asiyeamshwa kukojoa.
Nikalivuta. Nyuma yake chokaa imevimba,
imepanda hadi usawa wa goti,
chumvi imechora ramani ya nchi nisiyoijua.
Magunia manne ya korosho, mnada Ijumaa,
na ukuta unanyonya maji kimyakimya.

Mume wangu yuko Tandahimba. Simu inasema hapatikani.
Fundi Mchopa anasema kesho,
na kesho ya Mchopa naijua:
ilizaliwa mwaka juzi, mpaka leo haijatambaa.

Saa nne usiku nikafunga mabomba yote,
la jikoni, la bafuni, la nje kwa mpangaji,
nikachuchumaa na tochi mbele ya mita.
Chikongola nzima imelala.
Kimshale chekundu kinazunguka
taratibu, kama mtu anayehesabu fedha za mwenzake.

Waliosema chururu si ndo ndo ndo
hawakuwahi kuletewa ankara.

Mama mkwe, Bi Somoe, akatoka na kaniki begani:
"Koki kuu iko chini ya jiwe la kufulia.
Marehemu aliifukia, wezi wasiione."
Miaka kumi na tisa nimefua juu yake!
Tukalibiringisha jiwe, tukachimba kwa upawa.
Koki ina kutu nyekundu kama udongo wa Newala.
Haikugeuka. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaibembeleza,
nikaitukana kwa Kimakonde,
ndipo ikageuka.
Kimshale kikasimama.

Tukahamisha korosho usiku uleule, mtu na mkwewe,
juu ya chaga za kitanda kibovu, katikati ya chumba,
ukuta usizifikie hata kwa kunyoosha mkono.
Zilizolowa tukazianika kulipokucha.
Kisha nikabomoa plasta: kiungo kimelegea,
mpira wake umelika kama ufizi wa kikongwe.
Nikakata mwingine kwenye kandambili ya mume wangu,
ya kushoto.

Mchopa alikuja Alhamisi. Akaitazama kazi, akakohoa,
akaomba nauli.

Sasa koki nimeipaka rangi ya njano,
na Zulfa, mwenye miaka saba, anaifunga gizani
bila kupapasa.
Baba yake akirudi ataulizia kandambili.
Nitamwambia: sogea, weka sikio hapa ukutani.
Unasikia?
Basi, ndiyo hiyo.