Kutoka Wapi

Mpira ni mmoja, watoto ni wawili.
Ndiyo sheria ya Jumamosi zetu hapa Tororo:
huyu akipiga, mwenzake atapiga pale ulipotua,
wala haruhusiwi kununa.

Kununa wananuna. Ekisa hununa kwa mabega,
Athieno kwa kutafuna kamba ya kofia.
Mmoja ana miaka kumi na miwili, mwingine kumi na mmoja na nusu;
hiyo nusu ameitaja mara tatu tangu asubuhi.

Mimi natembea nyuma yao, hatua kumi na tano.
Nimezihesabu. Nikisogea zaidi, ulimi huanza kuniwasha.

Shimo la sita. Fimbo ya Athieno ilivuma vizuri,
lakini mpira una akili zake: uligonga mzizi,
ukaenda kujibanza nyuma ya kichuguu.
Mbele yake mikaratusi, majani yamepauka kwa vumbi la saruji,
na kati ya miti miwili, pengo
upana wa mlango wa choo.
Ng'ambo ya pengo, bendera.

"Unapita," anasema Ekisa.
Ameshachomoa namba tano.
Makofi ameshayasikia.

Miaka kumi na tisa niliwabebea mifuko wakubwa wa kiwanda.
Kedi haongei mpaka aulizwe.
Niliiona mipira ikielekezwa kwenye maangamizi
nami nikalimeza neno, nikalishusha kwa mate:
ndiyo, bwana; bahati mbaya, bwana.
Leo neno ni langu, filimbi ni yangu,
na bado nanyamaza.
Kimya kile nilifungiwa. Hiki nimekifunga mwenyewe,
na fundo lake linauma zaidi.

Athieno ametema kamba.
"Ekisa. Ukigonga mti, nani anapiga?"
"Wewe."
"Kutoka wapi?"
Anatazama. Majani marefu, mtaro,
pale ambapo juzi tulimpisha nyoka wa kijani.
"Kutoka kule," anasema, taratibu.
"Basi usinipeleke kule."

Hawakuafikiana hapo hapo, msidhani.
Huyu alisema, unaogopa. Yule, unajipenda.
Huyu, mpira umeuharibu wewe. (Kweli.)
Owori na Nyachwo, wapinzani wao, walikalia mifuko yao
wakila njugu, kama watu waliokuja mahakamani bila kesi.
Nilichezea kifungo cha shati mpaka kikakatika.

Kisha Ekisa akairudisha namba tano,
akatoa fimbo fupi,
akausukuma mpira pembeni, hatua nane:
pigo lisilo na sifa, pigo la kufagia uani.
Ukatulia kwenye nyasi fupi kama kuku anayeatamia.
"Haya. Nimekuwekea."

Na Athieno akakosea.
Ningependa kuwaambia vingine.
Mpira uliruka juu ya bendera, ukazama mchangani,
na shimo hilo walilimaliza kwa mapigo saba.
Ekisa akanigeukia, macho yakidai:
Mwalimu, si pengo lilikuwepo?

Lilikuwepo. Hata sasa lipo.
Nilitaka kumwambia kwamba uamuzi mzuri
huweza kuzaa mtoto mbaya,
na wa kijinga ukabahatika, ukapigiwa vigelegele.
Maneno ya ubaoni. Niliinama nikaokota kifungo changu.

Shimo la saba, zamu ya kuanza ilikuwa yake.
Alichomeka kijiti, akaweka mpira,
akajipanga, akakaza magoti,
halafu akarudi nyuma hatua moja.
Upepo ulitoka upande wa Malaba
na mngurumo wa malori ndani yake.
Akamgeukia mwenzake, bado amenuna,
ila sasa kwa bega moja tu:

"Wewe utataka kupiga kutoka wapi?"

Athieno akanyoosha kidole.