Mlango wa Roswita Kempka

Mita mia mbili na kumi chini ya jiko lake
mashine inakwangua makaa kama kisu kwenye ukoko,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
na kila inapopita, nguzo za chuma hupiga hatua moja mbele
zikiwa zimebeba dari mabegani.
Nyuma yao dari huachwa ianguke.
Ndiyo kazi yenyewe, hakuna aliyekosea.
Wachimbaji wa Silesia huuita ukuta mrefu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Hapa ukuta ndio unaojenga ufa.

Nami nalipwa kusema lini, na kiasi gani.
Nina unene wa tabaka, nina kina, nina mwendo wa siku,
nina namba moja ya miamba ambayo sikuipima popote;
niliirithi kwa mkuu wangu aliyestaafu,
naye hakuniambia aliirithi kwa nani.
Nikizikokotoa zote hutoka bakuli,
pana, laini, la penseli, juu ya ramani ya mtaa,
na nyumba ya Roswita imekaa katikati yake
kama punje ya wali mkosha vyombo hakuiona.

Nilikwenda kumwambia mwezi wa Novemba.
Alikuwa akimenya viazi. Hakuacha.
Mita moja na sentimita sabini, nikasema, kushuka.
Akauliza kama mpeasi wake utashuka nao umesimama.
Nikasema ndiyo.
Akauliza kwa nini chini ya kanisa wameacha makaa
na chini yake hawakuacha.
Nikafungua faili, nikafunga faili.
Na makaburi? Ewald yuko safu ya nne.
Sentimita themanini, nikasema, safu ya nne.
"Miaka thelathini na mmoja alishuka kila siku kwa lifti,"
akasema, "sasa anashushwa bila mshahara."

Kisha nikamwonyesha mwinamo:
mwezi Machi, kuelekea magharibi,
milimita kumi na mbili kwa kila mita.
Akafuta mikono, akaiandika namba hiyo ukutani, kando ya kalenda.

Sikujua angeiamini kuliko mimi.
Alimwita fundi Teofil wiki ileile,
akamwamuru asogeze bawaba za mlango wa jikoni,
milimita kumi na mbili kwa mita, kuelekea mashariki,
ili nyumba ikilala, mlango usimame.
Teofil alidhani ujane umemwingia kichwani.
Majira yote ya theluji mlango ule ulijifungua wenyewe,
baridi ikaingia mpaka kwenye sufuria,
naye akauzuia kwa ndoo ya makaa,
akisubiri Machi kama mtu asubiriye treni yenye ratiba.

Machi ikafika. Chokaa ikadondoka,
bomba la maji la jirani likapasuka,
yai mezani likabingirika likaanguka,
nami nikapita na pimamaji yangu, nikahesabu:
kumi na mbili kasoro kidogo.
Jikoni kwake mlango ulisimama pale ulipoachwa,
haukwenda mbele, haukurudi nyuma.
Akanimiminia kahawa. Kikombe kilikuwa upande.
Sijawahi kusifiwa vile na mtu asiyesema neno.

Lakini bakuli lina kitako.
Ukuta ukishapita chini yako na kwenda zake
ardhi huinuka tena kutoka kwenye mwinamo wake,
inakaa sawa, ila chini zaidi.
Nililijua hilo. Limo katika mlinganyo uleule,
upande wa pili wa mchirizi,
na siku ile ya viazi sikugeuza ukurasa.

Agosti nilimkuta amekaa kizingitini.
Yai halibingiriki tena. Maji ya mvua yametuama kwenye shina la mpeasi,
na mlango, nyuma yake, unajifungua polepole.

"Ulinitabiria kwenda," akasema.
"Kurudi hukunitabiria."

Nikampa jina la fidia na namba ya dirisha.
Nikasema Teofil anaweza kurudisha bawaba kwa saa moja.
Akautazama mlango mpaka ukagonga ukuta.
"Mwache," akasema. "Ewald naye
hakuwahi kubisha hodi."