Harage Moja, Dakika Kumi

Kibandani kwetu Uyole, nyuma ya mashine ya kusaga,
muda tunaupima kwa maharage:
harage moja, dakika kumi, mia mbili.
Nalidondosha kwenye kikombe cha bati, ti,
na likishalia hivyo hakuna ubishi.
Ubishi uko kwingine.

Asajile amekalia kreti la soda,
koti la mtumba limefungwa hadi kidevuni,
mvuke unamtoka mdomoni kama birika.
Yeye ni mtu wa juu.
Mpe chombo chenye mabawa mawili na mizinga minne,
mpe kundi la adui likichomoza nyuma ya mwezi,
atazunguka, atapinduka, atalipua,
na bega lake litainama kila chombo kinapoinama
mpaka amwage chai ya jirani.
Lakini mchezo ukimwambia "tua,
shuka, tembea, kaiteke ngome,"
anaiachia pedi kama kiazi cha moto.
"Nani kaomba kutembea?
Nimetoka Igawilo kwa miguu leo asubuhi!
Askari wao anakimbia kama kavaa mabuti ya baba yake,
akiruka anagota, akilenga anatetemeka,
risasi inapita ndani ya jiwe, jiwe halina habari.
Waliotengeneza anga walikuwa mafundi.
Waliotengeneza ardhi walikuwa na haraka ya kwenda kula."

Gwakisa hacheki.
Gwakisa hupakia viazi Isyonje, magunia ya lumbesa,
na viganja vyake vimezifuta herufi zote
za pedi namba mbili.
"Wewe unapigana na vitone," anasema.
"Kitone chekundu kinakuja, unakizima, kinakuja kingine.
Hujawahi kumsikia adui akikohoa.
Mimi nataka nishuke. Nataka nijue
sayari niliyoipigania ina udongo gani,
ukikanyaga unanata au unatimka.
Ushindi wa kupita juu ni wa mwewe:
kifaranga anacho, shamba hana."

"Na ile miguu mibovu?"
"Mibovu, ndiyo. Lakini ni miguu."

Lugano wa kidato cha pili, asiye na hata mia,
anaapa kuna mchezo aliouona kwa binamu yake Makambako
ambao unashuka moja kwa moja,
hakuna kioo cheusi cha kukwambia subiri,
mawingu yanapasuka, mlango unafunguka, upepo huo.
Hakuna anayemwamini.
Binamu wa Makambako amekwisha kuwa na vitu vingi mno,
pamoja na mbwa anayejua kuhesabu.

Mimi hawajaniuliza.
Mimi ni dada wa maharage.

Saa tatu nawatoa, nateremsha komeo.
Ukungu wa Mporoto umekwishafika mlangoni
na mashine ya kusaga imenyamaza.
Nashika pedi isiyo na herufi.
Vita ya angani naimaliza kabla ya nusu ya harage;
Asajile asijue, atakosa usingizi.
Kisha natua.
Silaha naitundika mgongoni, natembea.

Kwenye sayari ile ya tatu kuna majani.
Mafupi, yamelala upande mmoja,
kama ya Kitulo mwezi wa sita kabla jalidi haijayaunguza.
Sijasikia mtu akiyataja.
Napita ngome, napita bendera,
sauti sikioni inafoka: rudi, rudi kwenye kazi.
Naenda tu, mpaka ardhi inapokatika,
mahali ambapo fundi aliweka kalamu chini:
mbele ni kijivu kitupu,
kijivu cha dirisha letu alfajiri.
Nasimama pale. Askari wangu anahema.
Mabega yanapanda, yanashuka,
na hakuna anayempiga, wala hakuna wa kumpiga.

Kwa hiyo, Asajile, si wote waliokuwa na haraka.
Mmoja alichelewa kwenda kula
akichora majani.

Nazima. Nadondosha harage langu kikombeni, ti,
maana kibanda ni cha kaka,
na kaka huhesabu.