Kitovu cha Kushoto

Imerudi mara ya tatu, pikapu mpya,
kilomita elfu nne na ushei,
kiti cha abiria bado kimevaa nailoni yake,
na karatasi mbili za wenzangu zimebanwa kwenye dashibodi:
Hakuna hitilafu iliyoonekana.
Hakuna hitilafu iliyoonekana.

Bi Darlene Hrycak hakuketi.
Theluji ikimyeyukia viatuni, akasema: Inasaga.
Asubuhi, nikikanyaga mafuta taratibu kutoka zizini, inasaga.
Nikitia magurudumu manne, inanyamaza.
Nikifika hapa kwenu, imepona.
Akanitazama kama mtu aliyezoea
kuambiwa amesikia vibaya.

Lorne, msimamizi, alishaandika nusu ya karatasi ya tatu.

Kitovu changu kilizikwa Korogwe,
na hapa Dauphin, Manitoba, riziki yangu ni vitovu:
kile chuma katikati ya gurudumu
ambapo ekseli na tairi hupatana au hukataana.
Gerezani nilifundishwa kusikiliza,
mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye chuma.
Hapa nimepewa kompyuta.
Ikasema kila kitu ni sawa, kwa rangi ya kijani.

Nieleze, maana hata Lorne husahau:
katika pikapu hii kushikana ndiyo asili.
Springi husukuma meno yaumane.
Kinachoyatenga ni ombwe, pumzi iliyofyonzwa na injini
kupitia mpira mwembamba kama mrija wa soda.
Pumzi ikitosha, meno hukaa mbali.
Ikikatika kabisa, huumana, na safari huendelea.
Ikipungua nusu, hugusana bila kushikana,
kama wapangaji waliogombana
wakipishana koridoni kila asubuhi, bega kwa bega,
na hapo ndipo kusaga.

Nikapima.
Kitovu cha kulia: sindano ya geji ikapanda, ikatulia.
Cha kushoto: ikapanda, ikatulia.
Mpira hauna ufa. Solenoidi inabofya.
Ndani mwetu nyuzi ishirini, redio, kahawa.
Nikasimama na tochi yangu kama mgeni wa harusi
aliyekosea ukumbi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Lakini hii haikuficha kitu.
Sisi ndio tuliomfichia maradhi,
kila tulipofungua mlango mkubwa
tukamkaribisha kwenye joto.

Nikaomba ilale nje.
Lorne akacheka: Na nani atakuja saa kumi na moja alfajiri?

Saa kumi na moja alfajiri,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Kope zilinatana. Boneti liliuma vidole.
Nikawasha injini, nikachomeka geji upande wa kushoto:
sindano ikapanda hadi nusu,
ikatetemeka pale,
ikaanza kushuka kama mtu anayeondoka kikaoni
bila kutaka kuonekana.
Nikaisogeza mbele hatua tatu, tatu tu.
Ikasaga.

Sijui kama inafaa kufurahia sauti ile.
Nilifurahi.

Nikaufuata mpira kwa vidole vitupu
hadi kwenye vali ndogo kando ya solenoidi,
nikaichomoa, nikaiinua kwenye mwanga:
tone moja la maji, limeganda,
dogo kuliko punje ya mtama,
limeiacha vali mdomo wazi.
Nikalipiga picha haraka.
Ushahidi wenyewe ulikuwa unaanza kuyeyuka
kwa joto la kiganja changu.

Saa mbili nikampigia simu.
Nilikuwa nimepanga maneno: unyevu, vali mpya,
kifuniko cha kuzuia maji, dhamana italipa.
Badala yake nikasema: Inasaga.

Kimya. Nyuma yake ndoo, ng'ombe, mlango wa bati.
Umeisikia?
Nimeisikia.
Cha kushoto, akasema. Hakuwa anauliza.

Cha kushoto.