Daktari wa Meno

Nilikuwa nakaribia kufunga duka,
ingawa jua la Juni huku Inari
halina habari ya kufunga chochote,
alipoingia Aune, mjane wa Ensio,
tope hadi magotini, akauliza bila salamu:
"Kipi kati ya hivi hakina mdomo?"

Nauza vifaa vya GPS mwaka wa kumi na moja.
Nimeulizwa bei, uzito, dhamana,
nimeulizwa na kijana wa Helsinki kama kinaelea majini
(kinaelea; yeye je?).
Mdomo sijaulizwa.

Nikaanza maneno yangu ya kila siku.
Hiki kina skrini ya kugusa, angavu hata juani.
Akavaa glovu zake za sufi, akagusa. Kimya.
Akagusa tena. Ramani ikarukia Urusi.
"Kiweke."

Hiki unakichaji kwa waya, kinakaa saa thelathini na sita.
"Na saa ya thelathini na saba niko wapi?"
Basi nikamletea kinachokula betri ndogo mbili,
zile za tochi, zinazouzwa hata kituo cha mafuta.
Akakipima kiganjani
kama mtu anayepima samaki aliyekwisha kutajiwa kilo zake.

Na hiki, Mama, hata chini ya misonobari
hakikosei zaidi ya hatua tatu. Ukivunjika mguu
kinatuma ujumbe wa kuomba msaada—
"Kinatuma wapi?"
Mtandaoni. Na njia yako yote inahifadhiwa—
"Mdomo ndio huo," akasema,
akakisukuma kwa kidole kimoja
kama mfupa unaopelekwa pembeni mwa sahani.

Ndipo akatoa mfukoni kifaa cha Ensio:
manjano iliyochakaa, kioo kina ufa,
kifuniko cha betri kimeshikwa kwa plasta ya kidonda.
Ndani yake alama nne tu.
Nyumbani. Mashua. Nyavu.
Daktari wa Meno.

Daktari wa meno yuko Ivalo, kusini, nyuma ya benki.
Alama hii ilikuwa kaskazini, katikati ya kinamasi
kisicho na barabara wala jino.

Nikaelewa, na mate yakanijaa.
Hilla!
Forosadi ya nchi za baridi, rangi ya kaharabu,
tunda moja kwa kikonyo kimoja,
na Ensio alirudi nayo kila Agosti, ndoo mbili mbili;
ukimuuliza atokako
anakuonyesha ufizi: "Meno, ndugu yangu. Meno."
Huku kwetu mtu yu radhi kumpa jirani figo,
si kinamasi chake.
Mimi nilimfuata kwa siri mara mbili.
Mara zote alinizungusha msituni
mpaka nikajikuta nyuma ya duka langu mwenyewe.

"Miaka arobaini na minne," akasema Aune,
"hata mimi hakunipeleka.
Machi, mirija puani, ndipo akanipa ufunguo wa droo."

Tukachagua kile cha vitufe vitano,
kizito kidogo, kisichojua kuongea na kompyuta
ila kwa waya; na waya wenyewe
aliuacha kaunta, juu ya risiti.

"Sasa niandikie. Macho yangu hayazioni namba hizi."
Kaskazini tarakimu saba, mashariki sita.
Niliandika nne za kwanza, kisha tatu za kwanza.
Kidole kikasita.
Nikafungua mtoto wa meza, nikampa kioo cha kukuzia,
nikageuka kupanga soksi
ambazo zilikuwa zimepangwa tangu asubuhi.
Nyuma yangu vitufe: tik. Tik.
Akikosea, anasonya, anaanza upya.

Alilipa kwa noti zilizonukia moshi wa samaki.

Kwa hiyo sasa najua kilomita moja ya mraba
ya tope na mbu na mwanga usiolala.
Kwenye ramani ya ukutani nimeifunika
kwa tangazo la bei ya mahema.
Sitaki kuiona.
Ila Agosti inakaribia,
na jino hili la nyuma, la kushoto,
juzi limeanza kunigonga.