Kamba Mbili

Temuulen ana miezi kumi na mmoja
na kamba ya sufu kiunoni,
ncha yake nimeifunga kwenye tendegu la kitanda.
Niliipima kwa magoti yake mwenyewe:
inafika kwenye sanduku jekundu la bibi yake,
inafika kwenye bakuli la mtindi (jana alilimwaga),
jiko haifiki,
mlango haifiki.

Nje ya mlango yupo Hasar.
Mnyororo wake nao nimeupima.

Ganzorig alicheka: "Umefunga wote wawili,
nimebaki mimi."
Nikamwambia zamu yake inakuja.

Huku kwetu nyikani mgeni hapigi hodi.
Husimama mbali, juu ya farasi,
akapaza sauti: "Shikeni mbwa!"
Ndipo mtu hutoka kumkalia Hasar shingoni
mpaka mgeni aingie, avue kofia, apewe chai.
Mgeni anajua.
Mtoto wa nyumbani nani atamwambia?

Mama mkwe wangu Dulmaa husema
mbwa wa nyumba hamli mtoto wa nyumba.
"Alimnusa siku tuliyomleta, kijana akiwa bado mwekundu.
Anamjua."

Hugusa kidevu changu, mama, nikanyamaza.
Nami nilijulikana.
Mbwa wa baba alinijua tangu kitambaani,
alilala mgongo wake ukiwa mto wangu.
Ila kila aliponguruma, baba alimchapa kwa hatamu,
miaka miwili,
hata akajifunza adabu: akaacha kusema.
Nilikuwa na miaka minne. Alikuwa anakula.
Nilitaka kumkumbatia tu.
Hakusema kitu.

Nyuzi saba, na daktari mwenye mikono ya baridi.
Baba alimpeleka mbwa nyuma ya kilima
akarudi na kamba peke yake.
Sikulilia kidevu.

Basi juzi theluji ilipozidi tukamwingiza Hasar,
mzee wa miaka tisa, sikio moja limebaki kwa mbwamwitu.
Akalala karibu na kuni na mfupa wake wa kondoo.
Dulmaa alikuwa amemfungua mjukuu ambadilishe suruali,
akageuka kutafuta nyingine.
Kugeuka tu.

Wanasema mkono mtupu haulambwi.
Wa mwanangu si mtupu kamwe:
siagi, kamasi, makombo ya jibini kavu.
Akatambaa na mkono huo mbele yake kama taa.

Hasar akageuza uso.
Akalamba midomo, wala hapakuwa na kitu cha kulamba.
Weupe wa jicho ukatoka kama mwezi mwembamba.
Kisha, chini kabisa, akanguruma.

Ganzorig akainua mkono.
"Usimpige!"
Nilimnyanyua mtoto kiunoni, polepole,
bila kupiga kelele, ingawa kelele ilikuwa imejaa kooni,
nikasema, "Asante."
Mume wangu akadhani namshukuru yeye.

Tangu siku ile mfupa huliwa nje, au nyuma ya ubao,
na anayekula haguswi, na anayelala haguswi,
hata Dulmaa hupita mbali akinung'unika
kwamba mbwa amekuwa lama.
Temuulen haendi kwa Hasar. Hasar huja kwa Temuulen,
akitaka.
Mara nyingi hataki.
Akija, naushika ule mkono wa siagi ndani ya wangu,
tunapapasa bega, si kichwa,
tunahesabu mpaka tatu, tunaacha,
tunasubiri aseme kama tuendelee.
Jana aliondoka. Mtoto akalia.
Nikamwacha alie.

Kamba ya sufu nitaikata
siku atakapoanza kusikia.
Sikusema kutembea.

Usiku huu wote wawili wanakoroma,
mmoja kulia, mmoja kushoto,
nami katikati, na mguu wangu mmoja
nje ya blanketi, kati yao,
unaganda.