Tundu la Uani

Eirwen hakuomba ruhusa.
Alichukua msumeno wa marehemu,
akakata ubao wa chini kabisa,
tundu la kupita sufuria ya mayai, si zaidi,
kisha akaketi jikoni, moyo ukimdunda kama wa mwizi.

Miaka tisa ua huu haukutoa hata ua,
wala salamu.
Kisa: tawi la mtufaha lililovuka kwa Mostyn.

Majani ya vuli hakuyafagia.
Nyasi zikamfika magotini; tarishi akacheka.
Akatenga bakuli la maji
na chakula cha paka, ingawa paka hana.

Usiku wa nne: kwaru, kwaru.
Kalunguyeye, miiba na matope,
anakunywa kwa kelele kama mtoto mwenye mafua,
halafu huyo, kapenya tunduni,
hajui kesi ya nani na nani.

Asubuhi Eirwen akapiga magoti, akachungulia.
Kwa Mostyn nako nyasi zimeachwa.
Na kisahani kimejaa maji,
kile chenye ukingo wa buluu
alichompelekea keki
mwaka ule, kabla ya tawi,
kisirudi.